Mtoto ana matege na vitamini D haijasaidia? Pimeni fosfati kabla ya sindano nyingine (uzi maalumu)

Dokta wa Watoto (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Naleta uzi huu kwa sababu kuna watoto wanaopoteza miaka yao ya kukua kwa kukosa kipimo kimoja cha damu. Mimi ni daktari wa watoto. Nitajitahidi kuandika ili mzazi aliyekaa kwenye benchi la kliniki na bahasha ya majibu mkononi anielewe.

Mambo huwa hivi. Mtoto anaanza kutembea, miguu inapinda. Wakubwa nyumbani wanasema itanyooka yenyewe, na mara nyingi wako sahihi, maana watoto wengi huwa na kaupinde mpaka karibu miaka miwili. Huyu miaka miwili inapita, upinde unazidi, anatembea kwa kuyumba kiuno, vifundo vya mikono vimevimba, urefu umebaki nyuma ya wenzake. Anapigwa picha, ncha za mifupa zinaonekana zimetanuka na kingo zake hazieleweki. Inaandikwa riketsi (mifupa ya mtoto kuwa laini), anachomwa vitamini D ya yuniti 300,000 au 600,000. Baada ya miezi mitatu picha ni ileile. Anachomwa tena, na tena. Mama anaambiwa hamtoi mtoto juani, hamlishi.

Mama huyo anaishi Dar, mtoto anashinda uani na kaptula tu. Jua analipata kila siku.

Riketsi isiyopona kwa vitamini D ya kutosha inatakiwa imshtue daktari aulize swali moja: fosfati yake ni ngapi? Mfupa haukomai kwa kalsiamu peke yake, unataka kalsiamu na fosfati pamoja. Kuna watoto ambao figo zao zinamwaga fosfati kwenye mkojo usiku na mchana. Vitamini D ya kawaida haizibi tundu hilo hata ukimchoma kila mwezi, na akirundikiwa dozi kubwa kalsiamu inaweza kupanda na kumuumiza figo.

Ugonjwa unaoongoza katika kundi hili ni wa kurithi, unaitwa XLH kwa kifupi. Hukadiriwa kumpata mtu mmoja kati ya 20,000. Fuller Albright na wenzake wa Marekani walieleza mwaka 1937 habari za mtoto ambaye riketsi yake iliigomea vitamini D. Jeni yenye hitilafu, PHEX, ilipatikana 1995. Jeni hiyo ikiharibika, chembe za mifupa hutoa kwa wingi homoni iitwayo FGF23. Homoni hiyo inaziamuru figo zitupe fosfati, na wakati huohuo inazizuia kuigeuza vitamini D iwe katika hali yake ya kufanya kazi. Ndiyo maana sindano haifui dafu: malighafi imejaa, ila kiwanda kimefungwa.

Sasa kuhusu karatasi ya majibu. Tafadhali shikeni hili hata mkisahau mengine yote. Fosfati ya mtoto ni ya juu kuliko ya mtu mzima. Mtoto chini ya miaka mitano anatakiwa awe na kama 1.3 mmol/L kwenda juu, na mchanga chini ya mwaka zaidi ya hapo. Mtu mzima anaanzia kama 0.8. Maabara nyingi mashine zake zimewekewa viwango vya watu wazima. Kwa hiyo mtoto wa miaka miwili anapimwa, inatoka 0.85, pembeni imechapwa "0.81 – 1.45", hakuna alama yoyote ya kushuka, daktari mwenye foleni ya watu sitini anapitisha jicho na kuandika "kawaida". Si kawaida hata kidogo. Hiyo 0.85 kwa mtoto wa miaka miwili ni kengele. Kama majibu yenu yako kwa mg/dL, zidisheni mmol kwa 3.1 mpate ulinganisho: 0.85 ni kama 2.6, na mtoto huyo alitakiwa awe na 4 kwenda juu.

Maswali karibuni. Usiku nitarudi na habari za mkojo na dawa.

---

Mama Nasra

Asante sana daktari. Wangu ana miaka miwili na miezi minne, matege miguu yote miwili, kashachomwa vitamini D mara moja. Fosfati hawajawahi kupima, nimeangalia faili lote. Mkwe wangu anasema ni jicho la watu kwa sababu alitembea mapema. Niombe vipimo gani nikienda?

---

Fundi Maabara

Nithibitishe alichosema daktari. Mimi niko maabara. Viwango vinavyochapwa pembeni ni vile tulivyoviingiza kwenye mfumo, na sehemu nyingi havijagawanywa kwa umri. Jingine: sampuli ikikaa muda mrefu bila kutenganishwa, au chembe nyekundu zikipasuka wakati wa kuchoma, fosfati inapanda kwa uongo. Mtoto mwenye upungufu anaweza kuonekana mzima kwa sababu tu sampuli ilikaa juani kwenye kiboksi cha bodaboda. Ombeni damu itolewe pale maabara inapofanyia kazi, asubuhi.

---

Dokta wa Watoto

Fundi, ubarikiwe. Hilo la sampuli kupasuka wengi hawalijui.

Mama Nasra, omba hivi, vyote siku moja: kalsiamu, fosfati, kreatinini, alkalini fosfatasi (wataiandika ALP, hupanda mifupa ikiwa haikomai), homoni ya PTH, na vitamini D kama mfuko unaruhusu. Pamoja na mkojo wa siku hiyohiyo upimwe fosfati, kreatinini na kalsiamu. Fedha ikiwa kidogo, usiiache PTH, na nitaeleza kwa nini.

Riketsi ya kukosa vitamini D au kukosa kalsiamu nayo hushusha fosfati. Hapo ndipo watu wanapopotea njia. Kalsiamu ikipungua, tezi ndogo nne za shingoni zinatoa PTH kwa wingi ili kuivuta kalsiamu kutoka kwenye mifupa, na PTH hiyohiyo inafanya figo zitupe fosfati. Kwa hiyo:

PTH iko juu sana, kalsiamu ya chini au inayoning'inia kwenye mpaka: fikiria lishe, vitamini D na kalsiamu.

PTH ya kawaida au imepanda kidogo tu, kalsiamu ya kawaida, fosfati chini, ALP juu: figo zinavuja fosfati, tafuta XLH na ndugu zake.

Mkojo unatusaidia kuthibitisha. Nitaweka hesabu kwa ajili ya wenzangu wa kada ya afya walioko wilayani. Mtoto amefunga asubuhi, mkojo wa kwanza umemwagwa, umechukuliwa wa pili pamoja na damu. Tuseme fosfati ya damu 0.8 mmol/L, kreatinini ya damu 0.03 mmol/L (yaani 30 µmol/L), fosfati ya mkojo 12, kreatinini ya mkojo 3. Zidisha 12 kwa 0.03, unapata 0.36. Zidisha 0.8 kwa 3, unapata 2.4. Gawanya 0.36 kwa 2.4, ni 0.15. Maana yake figo zimetupa asilimia 15 ya fosfati iliyochujwa na kurudisha 85. Kwa mtu ambaye damu yake imeishiwa, figo nzima zingerudisha karibu yote. Zidisha 0.85 kwa 0.8, kizingiti cha figo ni 0.68, wakati mtoto mdogo anatakiwa awe juu ya 1. Kipimo hiki hakihitaji mashine ya ajabu, ni fosfati na kreatinini tu, damu na mkojo.

Angalizo: protini au sukari ikionekana kwenye mkojo huku sukari ya damu ni ya kawaida, usisimame kwenye XLH. Huenda mirija ya figo yote imeharibika na inamwaga kila kitu, na matibabu yake ni mengine.

Kuhusu jicho la watu, mama, mwambie mkwe kwa heshima kwamba tunatafuta jibu kwenye damu. Usigombane naye, utamhitaji akusaidie kumnywesha mtoto dawa.

---

Mwana wa Meru

Daktari, huku kwetu Arumeru watoto wenye miguu ya kupinda ni wengi na meno ya kahawia. Nao ni fosfati?

---

Dokta wa Watoto

Swali muhimu. Kwenu maji ya visima na mito mingi yana floridi nyingi, na magadi ya kulainishia maharage na makande yanaongeza. Floridi ikizidi kwa miaka, meno yanakuwa na madoa ya kahawia na mifupa nayo inaharibika, miguu inapinda nje au magoti yanagongana. Mara nyingi inaonekana kwa watoto wengi wa kijiji kimoja, wenye undugu na wasio na undugu. XLH inafuata ukoo. Fosfati ya damu ndiyo itakayowatenganisha, kwa hiyo ipimwe hata huko. Na mguu mmoja tu ukipinda, hasa kwa mtoto mnene aliyetembea mapema, kuna ugonjwa wa Blount, ambao ni wa daktari wa mifupa.

---

Mzazi Eldoret

Hamjambo. Mimi ni baba, na mimi mwenyewe ndiye mgonjwa. Niko na XLH, niligunduliwa nikiwa mtu mzima baada ya binti yangu kupatikana nayo. Utotoni niliambiwa ni vitamini, nikafanyiwa upasuaji wa miguu, ikapinda tena. Meno yangu yalikuwa yanatoa usaha bila kutoboka, daktari wa meno alikuwa anashangaa. Watoto wangu wa kiume wako sawa. Mke wangu alilaumiwa sana na watu wetu kabla tujue. Ningependa daktari aeleze hiyo ya kurithi, watu wasome.

---

Dokta wa Watoto

Pole sana ndugu, na asante kwa kusimulia. Kila ulichokitaja kiko kwenye ugonjwa huu. Jipu la jino bila tundu lolote ni dalili ambayo madaktari wa meno wakiijua watatusaidia kuwapata wagonjwa mapema, kwa sababu jino lenyewe kwa ndani halijakomaa na bakteria wanapenya kwenye nyufa ndogo. Watu wazima wengine hupata maumivu ya nyonga, nyufa za mifupa zisizopona, kano kugeuka mifupa kwenye visigino na mgongo, na wengine masikio kuwa mazito.

Jeni ya PHEX iko kwenye kromosomu X. Baba mwenye XLH anampa kila binti X yake ileile moja, kwa hiyo mabinti wote watakuwa nayo. Mwana wa kiume anapewa Y, kwa hiyo hakuna hata mmoja atakayeipata kutoka kwa baba. Mama mwenye XLH anaweza kumpa mtoto yeyote, wa kike au wa kiume, kwa nusu kwa nusu kila ujauzito. Na kuna watoto, kama mmoja kati ya wanne hivi, ambao wazazi wote ni wazima. Hitilafu imeanza kwao. Kwa hiyo mama aliyezaa mtoto wa matege asinyooshewe kidole. Na binti wa baba mwenye XLH apimwe tangu mchanga, kabla miguu haijapinda. Katika miezi ya kwanza fosfati inaweza kuwa bado haijashuka, kwa hiyo ALP nayo ifuatwe na vipimo virudiwe.

Sasa dawa.

Tiba ya miaka mingi ina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni fosfati ya kunywa, miligramu 20 hadi 60 za fosforasi kwa kila kilo ya mtoto kwa siku, ikigawanywa mara nne hadi sita. Ya pili ni vitamini D iliyokwishageuzwa tayari, kalsitrioli au alfakalsidoli, ambayo inaruka ule mlango uliofungwa. Ukitoa fosfati bila ya pili, PTH inapanda na figo zinamwaga zaidi. Isipokuwa aina moja adimu ya kurithi ambayo mkojo una kalsiamu nyingi. Hiyo inataka fosfati peke yake, na vitamini D iliyogeuzwa itamharibu figo. Ndiyo sababu nilisema kalsiamu ya mkojo ipimwe kabla ya kuanza.

Mfano tuone: mtoto wa kilo 12, daktari kaamua miligramu 40 kwa kilo. Ni 480 kwa siku. Ukigawa mara tano ni 96 kila mara. Mchanganyiko uitwao Joulie, ambao mfamasia wa hospitali anaweza kuutengeneza kwa chumvi ya fosfati na asidi ya fosforiki, na hospitali za India wanautumia sana, una kama miligramu 30 kwa mililita. Kwa hiyo ni mililita 3 na kidogo kwa bomba la sindano lisilo na sindano, mara tano. Kuna pia vidonge vya kuyeyusha vya miligramu 500. Usitumie dawa ya fosfati ya kusafishia tumbo kwa kujipimia nyumbani. Kiwango chake ni kikubwa na imeshaua watoto.

Nawaomba wazazi wasikimbie kuhara. Mwanzo fosfati inalegeza tumbo, kwa hiyo inaanzwa kidogo na kupandishwa taratibu. Isinyweshwe pamoja na maziwa, kwa sababu kalsiamu itaishika tumboni. Dozi ya mwisho apewe anapolala na ya kwanza anapoamka. Ndani ya saa chache fosfati ya damu inakuwa imeshashuka tena, na mtoto anayepewa mara mbili tu kwa siku ni kama hajapewa.

Na wenzangu madaktari, lengo si kuifanya fosfati ya damu iwe ya kawaida. Ukiikimbiza namba hiyo utapandisha dozi mpaka PTH iruke na figo zijae chembe za kalsiamu. Fuateni ALP ikishuka, mguu ukinyooka, urefu ukiongezeka. PTH na kalsiamu ya mkojo kila miezi mitatu hadi sita, ultrasaundi ya figo mara moja kwa mwaka au miwili.

---

Mchangiaji 77

Kuna sindano mpya niliisoma, inaponya kabisa. Kwa nini hamuwaambii watu?

---

Dokta wa Watoto

Ni burosumabu. Ni kingamwili inayoikamata FGF23. Ulaya na Marekani waliiidhinisha 2018. Watoto wanachomwa chini ya ngozi kila wiki mbili, na majaribio yaliyolinganisha yalionyesha mifupa inapona vizuri kuliko kwa fosfati na vitamini D iliyogeuzwa. Haiondoi hitilafu ya jeni, kwa hiyo neno "inaponya kabisa" tuliache. Bei yake ilipotoka Marekani ilikuwa kama dola 160,000 kwa mtoto kwa mwaka. Nasema wazi kwamba inaniuma, dawa iko na watoto wetu hawaifikii. Lakini mtoto aliyeanza fosfati na alfakalsidoli mapema, akanyweshwa bila kuruka, naye hunyooka sana. Asikae kusubiri sindano.

Pia, wakati wa kumeza kalsitrioli au fosfati burosumabu haitolewi. Mtu asichanganye.

---

Msomaji Kimya

Samahani daktari, natumia dawa za kufubaza virusi kwa miaka kadhaa, kidonge kimoja. Nyonga zinauma, kupanda ngazi shida. Kuna uhusiano?

---

Dokta wa Watoto

Ndugu yangu, kwanza usiache dawa hata siku moja. Kidonge cha wengi kina tenofovir, na kwa watu wachache aina iitwayo disoproksili huharibu mirija ya figo na kumwaga fosfati, mifupa ya mtu mzima ikalainika. Nenda kliniki yako, waombe fosfati, kreatinini, ALP, protini na sukari ya mkojo. Ikithibitika, wanakubadilishia dawa na hali hurekebika kwa wengi. Mtu mzima ambaye hana dawa hiyo na hana historia ya ukoo, akapata hali hii ghafla, anatafutwa uvimbe mdogo unaotoa FGF23. Ukipatikana na kutolewa wote, anapona.

---

Mzazi Eldoret

Daktari, upasuaji je? Binti yangu ana miaka saba, wananiambia wakate mfupa sasa.

---

Dokta wa Watoto

Tibu damu kwanza. Mfupa laini ukikatwa na kunyooshwa leo utapinda tena, kama ulivyojionea. Akiwa kwenye dawa vizuri kwa mwaka mmoja au zaidi na bado upinde unaleta shida, kuna njia ya kuweka bamba dogo upande mmoja wa sehemu ya kukulia mfupa, mtoto anakua mwenyewe akinyooka. Inataka awe bado na miaka ya kukua, na yeye anayo. Kukata mfupa mara nyingi kunaweza kusubiri. Muulize daktari wa mifupa moja kwa moja kuhusu bamba, na daktari wa homoni za watoto awemo kwenye uamuzi. Nairobi wapo, madaktari wa homoni za watoto wa Afrika walianza kufunzwa hapo 2008.

---

Mama Nasra

Nimerudi na majibu. Kalsiamu 1.92, fosfati 0.9, ALP 1,850, PTH 310 na pembeni wameandika mwisho 65, vitamini D 17 nmol/L. Fosfati hawakuweka alama kama mlivyosema. Ndiyo huo wa kurithi?

---

Dokta wa Watoto

Mama, hapana. Tazama PTH, imepanda karibu mara tano, kalsiamu iko chini, vitamini D imeisha. Fosfati yake imeshuka kwa sababu PTH inafanya figo ziitupe. Hii ni ya lishe na inatibika kabisa. Niambie anakula nini.

---

Mama Nasra

Uji wa mahindi, ugali, maharage. Maziwa aliacha akiwa na mwaka na nusu, nilikuwa mjamzito. Tunakaa ghorofani, nje anatoka jioni.

---

Dokta wa Watoto

Basi tumeliona. Kwa umri wake mwongozo unasema vitamini D yuniti 3,000 hadi 6,000 kila siku kwa siku 90 zisizopungua, pamoja na kalsiamu miligramu 500 kwa siku. Ile kalsiamu ndiyo iliyokosekana alipochomwa sindano mara ya kwanza, na uji wa mahindi unaishika hata ile kidogo iliyopo. Mpeleke daktari wako na majibu haya akuandikie. Kalsiamu yake iko chini, kwa hiyo akikakamaa vidole au kupata degedege usisubiri asubuhi, kimbia hospitali. Chakula: maziwa au mtindi kila siku, na dagaa wasagwe wazima pamoja na mifupa yao, watiwe kwenye mboga. Atoke asubuhi au mchana, jioni jua limeshalegea.

Picha ya kifundo cha mkono irudiwe baada ya miezi mitatu. Penye kingo zilizochakaa mtaona mstari mweupe, ndiyo mfupa unakomaa. Mstari usipoonekana na dawa amekunywa zote, pima PTH na fosfati upya, na safari hiyo mkojo usiachwe.